FreeRTOS miezi minane ndani ya inkubeta ya Uyole: zamu zipo, usawa bado nautafuta

Kuna vijana wa final year huwa wananifuata pale Mwanjelwa, Mbeya, na swali lile lile, fundi nimezipa taski zangu zote (yaani kazi ndogo ndogo ndani ya programu) kipaumbele kimoja ili zigawane sawa mbona moja inakula na nyingine haioni siku. Nimejibu kwa mdomo mpaka nimechoka, sasa naandika. Hii ni tathmini ya FreeRTOS kwa jinsi ilivyonifanyia kazi mimi, na sitaigusa yote, nashika kipande kimoja tu: taski zikiwa na kipaumbele sawa nani anaanza, anakaa muda gani, na nani anaachwa anasubiri.

Kwa asiyeijua, FreeRTOS ni mfumo endeshi mdogo wa kuweka kwenye chipu ndogo ndogo, aliuanzisha Mwingereza Richard Barry mwaka 2003, 2017 Amazon wakauchukua na leseni ikawa ya MIT, yaani unauweka hata kwenye bidhaa ya kuuza na hudaiwi senti. Ukinunua bodi ya ESP32 (mimi yangu ilinigharimu kama bei ya kuku wawili wa kienyeji) tayari unao hata kama hujui. Ile setup na loop (sehemu mbili za kila programu) unayoandika kwenye Arduino tayari iko ndani ya FreeRTOS, loop yenyewe ni taski, ina kipaumbele 1 na inakaa kwenye kiini namba 1 (kiini ni ubongo wa kuhesabu ndani ya chipu). Shika hilo la loop nitalirudia maana lilinichezea.

Mimi nilikuwa natengeneza kidhibiti cha inkubeta, mashine ya kutotolea vifaranga, ya mama mdogo, Uyole. Mnaoijua Uyole mwezi wa sita mnaelewa, usiku ukitoka nje na kandambili unajuta, halafu mayai yanataka 37.5 mpaka 38 hivi, siku 21, usiku na mchana, umeme uwepo usiwepo. Ndani nikaweka kazi tano: moja inasoma joto, moja inasoma unyevu, moja inawasha na kuzima taa za joto kwa rilei (swichi inayoamriwa na chipu), moja inageuza mayai, ya mwisho inatuma meseji kwenye simu ya mama mdogo joto likichezacheza. Zote nikazipa kipaumbele 1. Nilijiona nimetenda haki, watoto wa nyumba moja kwanini mmoja apate kiti cha mbele.

Wiki ya kwanza simu ikaita saa mbili asubuhi.

"Mwanangu, hii mashine yako inasema unyevu umekuwa 37."

"Shikamoo mama mdogo. 37 ngapi? Nisomee kama ilivyoandikwa."

"Marahaba. Imeandikwa unyevu, 37 nukta 658. Nimeshaongeza maji kwenye beseni, nimekosea?"

Hajakosea yeye, nimekosea mimi. 37.6 ni joto na 58 ni unyevu, vimeandikwa vimeungana kwenye mstari mmoja wa skrini. Kilichotokea ni hivi, taski ya joto ilipeleka kalamu ya skrini kwenye mstari wake, kabla haijaandika zamu ikahama, taski ya unyevu nayo ikapeleka kalamu kwenye mstari wa pili, zamu ikarudi kwa joto, naye bila habari akaandika 37.6 pale pale kalamu ilipo, unyevu akaja akabandika 58 mbele yake. Hakuna aliyevunja sheria hapo. Ukishaweka taski mbili kipaumbele sawa umeshakubali kwamba yeyote anaweza kukatwa popote, hata katikati ya neno. Dawa yake ni myuteksi, yaani kufuli, unayetaka skrini chukua ufunguo, ukimaliza rudisha. Mistari minne tu, na sijawahi kuona tena 37.658.

Ila hilo la skrini ni la kila mwanafunzi, sikulipunguzia FreeRTOS nyota hata robo. Lililonikalisha chini na karatasi ni la pili.

Ukisoma maelezo yao yanakwambia taski za kipaumbele sawa zitagawana muda kwa zamu. Ukisikia hivyo unaelewa nini? Kila mtu kipande chake sawa na cha mwenzake. Siyo. Zamu zipo kweli, tena zinafuatwa vizuri, lakini sawa ni idadi ya zamu, urefu wa zamu ni habari nyingine kabisa.

Chukulia bomba la mtaa, maji ya mgao, foleni ya ndoo. Kuna mzee ana kengele anaigonga kila dakika 10 kwa saa ya ukutani. Kengele ikilia, aliyeko bombani anatoka hata kama ndoo haijajaa, anaenda mwisho wa foleni, anaingia anayefuata. Mpaka hapo haki tupu. Sasa Mama A akija amebeba vindoo viwili vidogo, dakika ya 9 kamaliza anaondoka mwenyewe. Anaingia Mama B. Mzee wa kengele haangalii B kaingia saa ngapi, yeye anaangalia ukuta, dakika moja baadaye ngo ngo ngo, B toka. Anaingia Mama C mwanzoni kabisa mwa dakika 10, anazimaliza zote. Kengele, anarudi A na vindoo vyake, dakika 9, anaondoka, B dakika moja, kengele, C dakika 10. Mnaona? Kila mmoja kapata zamu moja moja. Ila kwenye kila dakika 20 A kachota 9, C kachota 10, B kachota 1. Na B akilalamika anaambiwa mama si ulipata zamu yako.

Hiyo kengele ndiyo tiki ya FreeRTOS. Inalia kwa saa yake, haianzi upya kila taski inapoingia. Kwenye Arduino ya ESP32 inalia mara 1000 kwa sekunde, kila milisekunde moja, ukitumia ESP-IDF, zana za waliotengeneza chipu yenyewe, bila kubadili kitu inalia mara 100, kila milisekunde 10. Taski ikiachia mapema, iwe kwa taskYIELD (amri ya kupisha wenzako) au kwa kulala na vTaskDelay, anayefuata anarithi mabaki ya tiki ile.

Sikutaka kuamini kwa karatasi nikaiweka kwenye bodi. Taski tatu, zote kipaumbele 1, zote nimezifunga kiini namba 1 maana chipu hii ina viini viwili ukiziacha huru zinasambaa huwezi kuona kitu. A anafanya kazi milisekunde 0.9 anaachia, B na C wanahesabu tu namba bila kupumzika. Jaribio la kwanza hesabu zikaja za ajabu haziendani na karatasi kabisa, nikazunguka nayo jioni nzima mpaka chai ikapoa. Kumbe loop! Loop yangu ilikuwa tupu, haina hata mstari, lakini nayo ni taski ya kipaumbele 1 na inazunguka bure kwa kasi yote, kwahiyo kwenye foleni wapo wanne na yule wa nne anakunywa maji bila kiu. Ukiwa na taski zako kipaumbele 1 na loop tupu ujue unalisha mgeni, iue kwa vTaskDelete au iweke ilale. Nilipoiua hesabu zikaja karibu kabisa na karatasi, C nusu ya muda, A asilimia kama 45, B asilimia kama 5. Nikawabadilisha B na C nafasi kwenye foleni, bila kugusa kingine chochote, na C ndo akawa mwenye njaa. Yaani kosa la B ni kukaa nyuma ya A basi.

Sasa kwenye inkubeta yangu B alikuwa nani? Ilikuwa taski ya joto. Ila nikubali, madhara yalikuwa madogo, joto la mayai halibadiliki ndani ya milisekunde kumi na kihisi chenyewe cha DS18B20 kinachukua mpaka milisekunde 750 kukupa jibu likiwa kamili. Kwenye mashine kama hii unaweza kuishi na huo upendeleo miaka usijue. Aliyeumia ni kihisi cha unyevu, DHT22, hiki kinaongea kwa mapigo ya maikrosekunde, pigo la 26 mpaka 28 ni sifuri na la 70 ni moja, na mazungumzo yote yanachukua milisekunde kama tano. Mimi kwa ujeuri nilikuwa nimeandika usomaji wake mwenyewe badala ya kutumia maktaba za watu (programu zilizoandikwa tayari), sikuzima hata interrupt, yaani vikatizo vya chipu, wakati wa kusoma, kwahiyo kwenye milisekunde tano kengele inalia mara tano, mwenzake wa kipaumbele sawa anaingia, akirudi mapigo yameshapita. Majibu mabovu nusu ya siku. Nikarudi kwenye maktaba kwa adabu.

Kuna na hili ambalo hata mafundi wazoefu nikiwaambia wananiangalia. Taski ya kipaumbele cha juu ikiingia ghafla ikamkatiza A katikati ya zamu yake, ikamaliza, nani anaendelea? Utasema A, si ndiye aliyekatizwa. Kwenye FreeRTOS hapana, mpangaji zamu kila akiulizwa anasogea mbele kwenye orodha, anaingia B. A atasubiri mzunguko. Ukienda kwenye kanuni za POSIX zinazofuatwa na Linux upande wa SCHED_FIFO (njia yao mojawapo ya kupanga foleni), aliyekatizwa anarudi mbele ya foleni yake, ndiye anayeendelea. Mimi naona POSIX wana busara zaidi hapo, mtu katolewa bombani ili gari la zimamoto lijaze, likiondoka mrudishieni bomba lake. Ila nawaelewa FreeRTOS, walitaka kitu kidogo chepesi, orodha moja kwa kila kipaumbele na mshale mmoja unaotembea, hakuna kumbukumbu ya nani alidhulumiwa jana.

Na kengele unaweza kuizima. Kuna swichi inaitwa configUSE_TIME_SLICING, usipoigusa iko 1, yaani zamu kwa tiki zipo. Ukiiweka 0 tiki inaendelea kuhesabu muda lakini haimtoi mtu kwa ajili ya mwenzake wa kipaumbele sawa, anakaa mpaka alale mwenyewe, aachie mwenyewe, au aje mkubwa wake. Faida yake ni kwamba kubadilishana kunapungua na ile shida ya kukatwa katikati ya neno na mwenzako inapungua sana. Hasara yake unaijua ukishapanga na mtu anayekaa bafuni saa nzima. Mimi nimeiacha 1, kwa sababu ninayo taski moja isiyo na adabu, ya meseji.

Hiyo ya meseji niisimulie kidogo. Inaongea na moduli ya GSM (kifaa cha laini ya simu), inatuma amri halafu inakaa kwenye kitanzi cha while inasubiri jibu la OK, hailali, inauliza imefika, imefika, imefika. Uandishi mbovu najua, niliuchukua kwenye mradi wangu wa zamani. Kwa kipaumbele sawa ilikuwa inakula zamu yake kamili kila ikifikiwa lakini wengine nao wanafikiwa, rilei inazima taa kwa wakati, maisha yanaenda. Siku moja nikaona meseji zinachelewa nikasema ngoja nimpandishe cheo, nikaipa 3. Aisee. Mtandao ukawa mdogo jioni ile, OK haiji, while inazunguka, na kwa kuwa sasa yeye ndiye mkubwa kwenye kiini kile hakuna kengele ya kumtoa, taa zimewaka rilei haipati zamu ya kuzizima, nimesimama pale mbele ya boksi na kipimajoto cha kawaida mkononi naona 38.4, 38.7, 38.9. Nikachomoa waya ukutani. Mama mdogo akauliza "umeme umekatika?" nikamwambia ndiyo. Mungu anisamehe.

Kwahiyo kwa upande huu FreeRTOS naipa sifa zake, zamu za kipaumbele sawa ni kinga nzuri dhidi ya taski yako mwenyewe yenye tabia mbaya, ndani ya kipaumbele kimoja mlafi hawezi kuua wenzake, atawachelewesha tu. Cheo ndicho kinachoua. Baadaye nikamrudisha 1 na nikamfundisha kulala, vTaskDelay ya milisekunde 50 ndani ya while, tatizo likaisha hata huko kwenye mabaki ya tiki. Na hapa niwatoe hofu wanaotoka kwenye Arduino za zamani, delay ya kawaida kwenye ESP32 inalaza taski yako tu na kuachia wengine, haisimamishi bodi nzima kama kwenye Arduino Uno.

Suala la viini viwili nalipita haraka. Waliotengeneza ESP32, Espressif, wana toleo lao la FreeRTOS linaloendesha viini vyote viwili na wenyewe wanasema wazi zamu za kipaumbele sawa huko ni za kujitahidi, siyo kamili, maana mpangaji wa kiini kimoja akikuta anayefuata amefungwa kiini kingine au tayari anaendeshwa huko anamruka. Nimependa wamekiri kwenye maandishi. Ukitaka zamu zinazotabirika funga taski zako kiini kimoja na usihangaike.

Kulinganisha, nimeonja pia Zephyr, mfumo endeshi mdogo kama huu, ule wa Linux Foundation uliotoka 2016. Kule kipande cha muda kinaanza kuhesabiwa upya mtu mpya akiingia, kwahiyo Mama B asingeonewa vile, na urefu wa kipande unauchagua mwenyewe bila kugusa kengele. Nao hawajidai, wanaandika kabisa kwamba hawapimi nani kapata muda kiasi gani, wanachoahidi ni kuwa hakuna atakayezidisha kipande kimoja bila kuambiwa apishe. Lakini Zephyr kuisimika kwenye laptopu yangu kulikula bando la wiki, na vipaumbele vyao vimegeuzwa, namba ndogo ndiyo kubwa, wakati FreeRTOS namba kubwa ndiyo kubwa. Nimeshakosea hapo mara mbili, nikahama nikarudi.

Ukiniuliza leo inkubeta imepangwaje: rilei ya taa ina 3 peke yake, inaamka kila nusu sekunde inaangalia joto la mwisho inawasha au inazima inalala, kazi yake haifiki hata milisekunde. Kusoma joto na unyevu wako 2, hao nimewaacha sawa makusudi kwa sababu kazi zao ni fupi na wote wanalala muda mwingi, hawakutani sana kwenye foleni. Kugeuza mayai na meseji wako 1. Loop nimeiua. Skrini ina kufuli.

FreeRTOS nampa nyota nne. Ile moja nimeishika kwa sababu ya neno "kugawana" kwenye maelezo yao, wangeongeza sentensi mbili tu kuhusu mabaki ya tiki wangeniokolea wiki mbili na bando. Kwa bei ya bure na kwenye bodi ya elfu kadhaa sina ugomvi zaidi ya huo. Kama kazi yako ni pampu ya maji, taa za banda, mashine ya kutotolea, chukua. Kama unataka taski tatu zigawane kiini kimoja theluthi theluthi kwa mizani wakati mojawapo inaachia mapema kila zamu, hapa hutapata, hata ukizipanga vipi.

Mama mdogo naye ana tathmini yake, anasema skrini ni ndogo na maandishi ya kijani yanamuumiza macho, na anataka inayobeba mayai 300. Nimemwambia baada ya mavuno ya viazi tutaongea.